Shati la pamba tupu lisilokunjamana: dawa yake ni ipi, na naweza kuitia mwenyewe karakanani?

Cherehani Tanga

Habari zenu wote. Nina karakana ndogo hapa Tanga, tunashona mashati ya kazi: hoteli, ofisi za mizigo na shule kadhaa. Wateja wangu wengi wamechoka na tetroni. Kwa joto hili la pwani, mhudumu anayezunguka na sinia tangu asubuhi anataka pamba tupu inayonyonya jasho. Tatizo mnalijua. Shati linatoka kwangu limepigwa pasi likanyooka vizuri, mtu akikaa nalo kwenye daladala nusu saa tu, mgongo wote umejaa makunyanzi, na mikunjo ya viwiko haitoki mpaka pasi nyingine.

Mteja mmoja wa hoteli aliniletea shati kutoka nje. Lebo inasema pamba asilimia 100, halihitaji pasi. Nikalifinyanga mkononi, nikaliachia, likajinyoosha lenyewe nikiliangalia. Nikalifua, nikalitundika likiwa linachuruzika maji, likakauka limenyooka. Sasa anataka mashati ya wafanyakazi wake wote yawe hivyo.

Katika kuulizia nikaelekezwa kwa muuzaji wa kemikali mwenye dumu la "resini ya kuzuia mikunjo". Halina lebo. Maelekezo ni ya mdomo: changanya na maji kwenye beseni, loweka shati lililokwisha kushonwa, kamua, anika, kisha piga pasi ya moto sana. Nilipofungua kifuniko macho yaliwasha na koo likakereketa. Harufu yake ni ile ya maabara ya biolojia tulipokuwa sekondari, ya vyura ndani ya chupa. Sijanunua.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Ni kitu gani hasa kinachoizuia pamba isikunjamane? Hiyo dawa ya dumu ndiyo yenyewe? Na je, kazi hii inawezekana kwenye karakana yenye cherehani na pasi tu?

Dobi Mjini

Dada, usijitese na kemikali. Sisi madobi tunatumia wanga wa muhogo. Unapika uji mwepesi, unauchuja kwa kitambaa, unachovya shati lililokwisha kusuuzwa, unakamua kidogo, unaanika kivulini, na unapiga pasi likiwa na unyevu kidogo. Kola inakaa, mikono inakaa. Kanzu za Ijumaa zote tunazifanya hivyo na hakuna anayelalamika.

Mzee wa Stenta

Mwanangu wa Tanga, umefanya vyema kulirudishia dumu hilo kifuniko chake. Usilinunue. Nilikuwa idara ya umaliziaji wa vitambaa kiwandani kwa miaka mingi, upande wa stenta, ile mashine ndefu inayokishika kitambaa kingo mbili kwa pini na kukipitisha kwenye vyumba vya hewa ya moto. Dawa hizi nimezishika. Nitaandika kwa urefu maana swali lako linastahili.

Dobi amesema kweli kuhusu kanzu, lakini wanga unaupaka uzi kwa nje tu. Unaupa ugumu, haumpi mtu shati linalojinyoosha. Likishakunjwa, mstari unaonekana zaidi kuliko kwenye shati lisilo na wanga, unyevu wa pwani unaulegeza, na ukilifua wote umekwenda na maji. Ulichokiona kwenye shati la hoteli kimo ndani ya unyuzi wenyewe.

Pamba ni selulosi, minyororo mirefu ya molekuli za sukari iliyolala ubavu kwa ubavu. Minyororo hiyo imeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, kila kimoja dhaifu lakini vyote pamoja ni vingi mno. Kuna sehemu za unyuzi zilizojipanga na kubana, maji hayapenyi, na kuna sehemu zilizolegea. Jasho likiingia kwenye hizo zilizolegea, vifungo vinaachia na minyororo inateleza. Abiria amejiegemeza kwenye kiti, shati limekunjamana mgongoni. Likianza kukauka, vifungo vinajifunga upya katika mkao huo huo. Kunyanzi limeshakuwa umbo la kitambaa. Pasi inafanya mambo yale yale kwa makusudi: mvuke unafungua, uzito unanyoosha, joto linakausha.

Sasa fikiria miti ya ukuta wa nyumba ya udongo kabla haijafungwa fito. Ukiusukuma mti mmoja unaegemea kivyake na haurudi. Resini ndiyo fito. Ni molekuli fupi inayoshika mnyororo huu kwa upande mmoja na mnyororo wa jirani kwa upande wa pili, kwa kifungo cha kikemia ambacho maji matupu hayakifungui. Ukikikunja kitambaa, minyororo inavutana. Ukikiachia, inarudishana mahali pake.

Kampuni ya Tootal Broadhurst Lee ya Manchester ndiyo iliyoifikisha kazi hii sokoni. Hataza zao, yaani haki za ugunduzi, ni za 1926, na dawa yao ilikuwa urea, ile ile ya mbolea, pamoja na fomaldehaidi. Baadaye Wamarekani waliisukuma mbele sana katika maabara ya Wizara yao ya Kilimo huko New Orleans, kwa sababu pamba ilikuwa inanyang'anywa soko na nailoni na poliesta. Mwanakemia Ruth Benerito alifanya kazi hapo miaka mingi akichunguza jinsi molekuli hizi zinavyoshikana na selulosi. Alifariki 2013 akiwa na hataza 55. Kila nikiliona shati linalojinyoosha namkumbuka mama yule.

Dawa inayotumika zaidi viwandani kwa muda mrefu sasa inaitwa DMDHEU kwa kifupi. Inatengenezwa kwa urea, glaioksali na fomaldehaidi. Kazi yenyewe iko hivi. Kitambaa, si shati, kinaingia safi kabisa: wanga wa kufumia umeshatolewa, kimepauliwa, hakina mabaki ya magadi, maana magadi yanaua kichocheo. Kinachovywa kwenye birika lenye resini, kloridi ya magnesi ya kuchochea, na kilainishi cha silikoni. Kinapita kati ya rola mbili za mpira zinazokamua hadi kibaki na maji kama asilimia 70 au 80 ya uzito wake mkavu, sawasawa toka ukingo hadi ukingo. Kinakaushwa taratibu kwenye nyuzi joto 110 au 120, kwa sababu ukikausha kwa pupa resini inakimbilia juu ya uzi na kuacha moyo mtupu. Halafu ndipo kinaokwa: nyuzi 150 hadi 160, dakika tatu hadi tano. Hapo kwenye kuoka ndipo vifungo vinapofungwa. Kabla ya hapo una kitambaa kilicholoweshwa dawa, basi.

Pasi yako haiwezi kazi hiyo. Ncha ina joto lake, kisigino kina lake, na huwezi kuikandamiza dakika nne kila mahali bila kuunguza. Pale isipofika, resini inabaki haijashika, na resini isiyoshika inaendelea kutoa fomaldehaidi mwilini mwa mvaaji.

Hii fomaldehaidi ndiyo uliyoinusa. Ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo fomalini ya kuhifadhia vyura na maiti. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na wanaoumia kwanza ni wale wanaoivuta kila siku kazini, yaani wewe na vijana wako mkiwa mmeinamia beseni kwenye chumba chenye madirisha mawili. Kwa mvaaji inaanza na vipele shingoni, kwapani na kwenye mikunjo ya viwiko, panapokutana jasho na msuguano. Joto na unyevu vinaongeza inavyotoka. Rundo la mashati yaliyofungwa kwenye nailoni kwenye stoo ya Tanga mwezi wa tatu ni mahali pabaya sana kwa nguo ya namna hiyo.

Jambo la mwisho kwa leo, na hili wauzaji hawalitaji: resini inapunguza nguvu ya kitambaa. Tindikali ya kichocheo na joto vinakata baadhi ya minyororo, na ile iliyobaki imefungwa kiasi kwamba haiwezi kuteleza ili igawane mzigo. Pamba iliyotiwa resini hupoteza kati ya theluthi moja na nusu ya nguvu yake ya kuvutwa. Utaliona kwanza kwenye ukingo wa kola na kwenye mikono, uzi unalika kabla shati halijachakaa. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 1960 viwanda vilichanganya poliesta ndani: resini inaishika pamba, poliesta inabeba nguvu. Kwa hiyo tetroni wanayoichukia wateja wako ilikuja kwa sababu nzuri.

Cherehani Tanga

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Dumu nimeachana nalo moja kwa moja.

Nina swali la pili. Binti mmoja hapa anatengeneza sabuni, anasema kuna njia isiyo na fomaldehaidi, ya asidi ya sitriki, ile chengachenga nyeupe ya watengeneza juisi. Hiyo inapatikana na bei yake naiweza. Na kuna jamaa ana tanuri la mikate la umeme, kubwa, lenye kipimo cha joto. Je, hapo?

Maabara Eldoret

Dada, mimi nasoma kemia ya nguo huku Eldoret na jambo hili tumelifanya kwenye mazoezi. Binti wa sabuni hajakudanganya. Asidi yenye vikundi vitatu au zaidi vya kaboksili, yaani zile sehemu za molekuli zinazoifanya iwe asidi, inaweza kuiunganisha minyororo ya selulosi. Ukiipasha joto, vikundi viwili vilivyo jirani vinapoteza maji na kujifunga kuwa anihidridi, na hiyo anihidridi inashika selulosi kwa kifungo cha esta. Ikirudia upande wake wa pili, umeshapata daraja. Nzuri kuliko zote ni BTCA, yenye vikundi vinne. Clark Welch wa maabara hiyo hiyo ya New Orleans aliyoitaja mzee ndiye aliyeonyesha, mwaka 1988, kwamba BTCA pamoja na kichocheo chake, haipofosfaiti ya sodiamu, inafanya kazi karibu sawa na DMDHEU, bila fomaldehaidi hata chembe. Kilichoikwamisha ni bei.

Asidi ya sitriki ni rahisi lakini inakuja na mambo yake. Kwanza, kitambaa cheupe kinageuka manjano kwenye kuoka, kwa sababu sehemu ya asidi hiyo inapoteza maji na kuwa asidi ya akoniti. Shati la hoteli ni jeupe, kwa hiyo hapo tayari una shida. Pili, bila haipofosfaiti inashika kidogo sana, na haipofosfaiti yenyewe inabadilisha kivuli cha baadhi ya rangi, hasa zile za salfa na baadhi za riaktivu. Tatu, joto linalotakiwa ni la juu zaidi, nyuzi 160 hadi 180. Nne, kifungo cha esta kinaliwa polepole na sabuni yenye magadi, kwa hiyo kila kufua kunapunguza.

Tanuri la mikate lina kipimo kimoja, ukutani. Tuliweka vipimo sehemu mbalimbali kwenye tanuri letu la maabara, ambalo ni dogo na lina feni, na bado pembeni na katikati palitofautiana. Kwenye la mikate, shati lililo juu litaungua wakati la chini halijashika. Na mwenye mikate atakuwa anarudisha mikate yake humo humo.

Ila kama unataka kujionea kwa macho, fanya kwa kipande cha kitambaa cha rangi ya khaki au kahawia, usifanye kwa mzigo wa mteja.

Mzee wa Stenta

Marahaba mwanangu. Kijana wa Eldoret amesema vizuri, nami namuunga mkono. Kwa karakana yako, nunua kitambaa ambacho kiwanda kimeshakitia dawa na kukioka, na ujuzi wako uuweke kwenye kukikagua na kukishona. Kuna kukagua kwa aina mbili.

La kwanza ni karatasi. Mwulize muuzaji wa roli, kwa maandishi, kipimo cha fomaldehaidi na njia iliyotumika kupima. Jibu unalolitaka ni chini ya miligramu 75 kwa kila kilo ya kitambaa, kwa njia ya ISO 14184-1. Hicho ndicho kiwango cha Umoja wa Ulaya kwa nguo, na Japani nayo ina 75 kwa nguo inayogusa ngozi. Kwa watoto wa chini ya miezi 24 Wajapani wanataka iwe kama haipo. Wewe unashonea shule pia, kwa hiyo ukipewa jibu la mdomo, au ukiambiwa "hii haina shida mama", ondoka. Ukifungua roli likakuwasha macho, ondoka hata kama karatasi ni nzuri. Na kila kitambaa cha namna hii kifuliwe mara moja kabla ya kuvaliwa. Fomaldehaidi iliyo huru inayeyuka kwenye maji na sehemu kubwa inakwenda.

La pili utalifanya mezani kwako. Maabara zinapima pembe ya kurudi kwa kunyanzi, na unaweza kuiga kipimo hicho bila mashine. Kata vipande vya urefu wa milimita 40 na upana wa 15, vingine urefu wake ukifuata mtande (nyuzi za urefu wa roli), vingine mshindio (nyuzi za upana). Visilale juani wala karibu na pasi; viache chumbani usiku kucha vizoee hewa ya hapo. Kunja kipande katikati, ncha juu ya ncha, weka juu yake uzito wa nusu kilo. Pakiti ya sukari ya nusu kilo juu ya kigae kidogo inatosha. Ngoja dakika tano. Ondoa uzito, kishike upande mmoja kwa kibanio ili upande wa pili uwe huru, mkunjo ukiwa umesimama wima ili uzito wa kitambaa usisaidie wala usizuie. Ngoja dakika tano nyingine, kisha soma pembe kwa ile protrakta ya mkebe wa hesabu wa mwanao. Jumlisha ya mtande na ya mshindio. Popilini ya kawaida isiyotiwa kitu itakupa jumla ya nyuzi 150 hadi 200. Iliyotiwa resini vizuri itafika 250 na kupita. Pima na lile shati la hoteli ulinganishe; kata kwenye pindo la ndani, chini, palipo na ziada.

Kisha vuta. Shika ukingo wa kitambaa kwa vidole viwili viwili, kata mwanya kidogo kwa mkasi, uchane. Kikichanika kwa urahisi kama gazeti, dawa imezidi au kimeokwa kupita kiasi, na kola zitalika upesi. Kinachofaa kinakubishia.

Ufumaji nao una neno lake. Popilini nyembamba iliyofumwa kwa kubana inakunjamana kuliko drili au oksfodi, kwa sababu nyuzi zake zinapishana mara nyingi mno na hazina nafasi ya kurudi. Kwa wahudumu wa hoteli, oksfodi nyepesi isiyo na dawa yoyote, ikatundikwa ikiwa na maji yake bila kukamuliwa, inaweza kuwatosha baadhi yao. Mpelekee mteja mashati mawili, moja la oksfodi tupu na moja la kitambaa cha dawa, avae mtu yule yule, aamue mwenyewe. Mimi ningeanza na la kwanza.

Kwenye kushona, kitambaa cha dawa ni kikaidi. Kimeshaokwa kikiwa bapa na kinataka kubaki bapa. Ziada uliyozoea kuifinya kwa mvuke kwenye bega haitafinyika, na mshono ukikazwa utajikunja na kubaki hivyo maisha yake yote. Legeza uzi wa juu na wa chini, tumia sindano nyembamba yenye ncha nzima, mishono iwe mirefu kidogo. Marinda ya shule usiyafanye kwa kitambaa hiki, pasi haitayashika. Viwanda vya suruali Marekani vilizunguka tatizo hilo kwa kushona kwanza na kuoka baadaye, nguo nzima kwenye tanuri lake maalumu, ndiyo suruali za mstari usiofutika za miaka ya 1960.

Cherehani Tanga

Nimekata vipande jioni hii. Popilini yangu ya dukani jumla imesoma nyuzi 165, na lile shati la hoteli 260. Kuchana kwake hata hivyo kumenishtua, limepasuka bila ubishi kabisa. Nitashona yale mawili ya majaribio kama ulivyosema. Mzee wangu, nguo za hoteli zinafuliwa kwa Jik. Kuna tatizo?

Mzee wa Stenta

Lipo, na ni vizuri umeuliza kabla. Resini hizi zina naitrojeni, na naitrojeni inaikamata klorini ya Jik na kukaa nayo hata baada ya kusuuza. Pasi ikipita juu yake, klorini hiyo inageuka tindikali ndani ya kitambaa: cheupe kinakuwa manjano na nguvu inapungua tena. Zile za zamani za urea na za melamini ndizo mbaya zaidi. DMDHEU inakamata kidogo, lakini nguo ya hoteli inafuliwa kila siku na kidogo kidogo inakusanyika. Wakichagua kitambaa cha dawa, shona lebo ndani ya kola: isifuliwe kwa Jik, isikamuliwe, itundikwe ikiwa na maji. Madoa meupe wayatoe kwa dawa ya oksijeni. Na umwandikie meneja wa dobi lao maneno hayo hayo kwenye karatasi ya kupokelea mzigo, aweke sahihi. Wakichagua oksfodi tupu, Jik kiasi haitawaletea shida hiyo.

Ukishapata majibu ya yale mashati mawili, weka hapa pembe zake kabla ya kufuliwa na baada ya mwezi wa kufuliwa hotelini. Kijana wa Eldoret naye atazihitaji.